Mwanangu anasema nilimnyima

Dada, asalaam alaykum. Ni saa tisa usiku na sijalala. Binti yangu yuko chumba cha pili, namsikia anavyojigeuza, na lile neno lake limenikaa kooni tangu magharibi. "Ulininyima."

Nilimnyima nini? Niliondoka Tanga 2013, yeye ana miaka minne. Hali ilivyokuwa unaijua. Kaka yake alikuwa anarudishwa nyumbani kwa ada ya shilingi 20,000 ya mwaka, na ukilipa ada kuna mchango wa mlinzi, wa dawati, wa mitihani. Baba yao alishakwenda zake, hilo silizungumzi. Tulikuwa tunalala na uji wa chumvi. Nikaenda Maskati, kazi za ndani. Pasi ya kusafiria wanayo matajiri wangu, simu za WhatsApp kule wakati ule zilikuwa hazipiti, basi namrekodia sauti usiku jikoni, mlango nimeufunga. Hela ilifika kila mwezi. Nguo za Idi hakukosa hata mwaka mmoja. Hayo mabati anayolala chini yake ni jasho langu.

Jana nilimgombeza kwa kuchelewa kurudi, ndipo akanijibu. Akasema ada ilifutwa 2016, mbona mimi nimerudi 2022? Akasema nguo zote nilizotuma zilikuwa ndogo, sikujua amekua kiasi gani, na bibi yake alimwambia aseme zimemtosha.

Hilo la nguo, dada.

Ni kweli sikurudi. Kila mkataba nilisema huu wa mwisho, kisha nikakumbuka choo, kisha ukuta wa nyuma. Mama yangu alipofariki niliambiwa mkataba haujaisha, tikiti nijitegemee. Alizikwa mimi nikiwa napiga pasi kanzu za watu. Binti yangu alilia msiba ule mikononi mwa majirani. Mimi nami nilinyimwa, lakini nani ananiuliza?

Kila asubuhi ananiamkia vizuri, shikamoo mama, halafu basi. Nikimshika bega anakauka. Nilimnyima nini, na nilimpa kila nilichokuwa nacho?

Kule sitaki kurudi tena. Ila wakala amenipigia wiki iliyopita, miaka miwili, na sijamkatalia. Mwakani akijaliwa kidato cha tano atakwenda bweni, na hata kama ada hakuna, godoro, sare na nauli nani atatoa? Mtu asinione napenda fedha.

Sisi tumelelewa kwamba mtoto ndiye anayemwomba mzazi radhi. Mimi nikimwomba yeye, si nitakuwa nimejivunjia heshima ndani ya nyumba yangu? Na nimwombe radhi ya kwenda au ya kutorudi? Ukiweza nijibu mapema, dada. Wakala anataka jibu Ijumaa.

Mama wa Tanga