Kwa Nini Umepangiwa Yule, na Kwa Nini Unafungwa Nusu ya Mechi Zako

Malalamiko tunayoyasikia zaidi hapa kwenye chumba chetu cha gemu Michenzani si ya bei ya saa wala ya umeme. Ni haya: "Mmenipangia mtu anayenizidi, tena makusudi." Na yule aliyemfunga naye Ijumaa inayofuata yuko kaunta: "Kila nikishinda mnanitafutia mgumu zaidi!" Wote wawili wanasema kweli.

Mechi za ndani za Age of Empires II na StarCraft II, gemu za vita za kompyuta, tunazipanga kwa hesabu ya Elo, yaani pointi za kupima kiwango cha mchezaji. Aliyeitunga ni Arpad Elo, mwalimu wa fizikia nchini Marekani aliyezaliwa Hungaria. Aliitunga kwa ajili ya sataranji; shirikisho la sataranji la Marekani liliipokea 1960, na lile la dunia, FIDE, 1970. Hapa kwetu kila mtu anaanza na pointi 1,200. Wakikutana wawili walio sawa, mshindi anachukua pointi 16 za aliyefungwa.

Utamu uko pale wasipokuwa sawa. Tazama ubao ulio nyuma ya kaunta. Mwenye 1,400 akicheza na mwenye 1,200, hesabu inamtarajia mkubwa ashinde kama mechi 76 katika kila 100. Kwa hiyo akishinda anaokota 8 tu, akifungwa zinamtoka 24. Katika hesabu yenyewe, pengo likifika 400, ushindi wake una thamani ya pointi 3 na kufungwa kunamgharimu 29. Ndiyo maana anayeshinda kutwa kwa kuwavizia wachanga haonekani kupanda, halafu anadhani ubao unamwonea.

Mechi tunayoitafuta ni ile ambayo sisi wenyewe tulioipanga hatuwezi kukwambia nani atatoka na ushindi. Ukiipata hiyo kila mara, utafungwa karibu nusu ya mechi zako. Anayeshinda tisa katika kumi hatujampangia vizuri, hata kama yeye anaondoka anacheka.

Mgeni ni kazi zaidi, kwa sababu ile 1,200 yake ni makisio matupu. Mechi zake kumi za mwanzo tunazihesabu kwa uzito mara mbili ili apande au ashuke upesi mpaka afike anapostahili. Barazani, kwenye mchezo wa bao, hesabu hii haihitajiki: anayeketi mbele ya fundi anajulikana yeye, mwalimu wake, na kete alizoachwa nazo juzi. Kwetu anaingia kijana katoka Wete au Dar es Salaam, kimya, na hakuna anayejua mkono wake. Na wale wanaoandikisha jina jipya ili wawapige watoto wa skuli: jina linakwenda na namba ya simu, na sura zenu tunazijua.

Lakini wachezaji kuwa sawa hakutoshi ikiwa pande zenyewe, yaani majeshi wanayoyachagua, zimepishana. StarCraft II ina pande tatu ambazo hazifanani kabisa, na Age of Empires II ina pande nyingi zaidi, kila moja na ubora wake. Mpe mtu Franks kwenye uwanja wa nchi kavu, farasi wake watakusumbua. Mpeleke kwenye ramani ya visiwa dhidi ya Vikings wenye merikebu zao, hao farasi watabaki kula majani. Kwa hiyo mechi ya pointi kwetu ni michezo miwili kwenye ramani ileile, mnabadilishana pande. Kila mmoja akishinda mmoja, kwenye mchezo wa tatu wote wawili wanachukua jeshi la aina ileile. Hakuna haki kuizidi hiyo, na kusema kweli hakuna kinachochosha zaidi kutazama.

Watengenezaji nao hurekebisha namba za gemu kila baada ya muda, huku wakipunguza nguvu, kule wakiongeza bei ya askari. Mbinu iliyokupa ushindi mwezi uliopita ikikataa, kompyuta yetu haijaharibika. Zote zina toleo moja, na vipanya ni vya aina moja.

Mtandaoni ni habari nyingine, na hapo mikono yetu ni mifupi. Mfumo wa gemu hutafuta kwanza mtu wa kiwango chako. Asipopatikana, hupanua wigo. Saa ambazo wachezaji wa ukanda wetu ni wachache, unaweza kutupwa kwa mtu wa mbali, au wa kiwango kingine, au vyote viwili. Kutoka Zanzibar hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000. Hata nyaya za baharini zingenyooka kama rula, amri yako kwenda na jibu kurudi ni milisekunde 70, na hazikunyooka. Kwenye kujenga ghala hutahisi kitu. Kwenye kukwepesha askari mshale, utahisi.

Chumba hujaa Ijumaa baada ya Isha, na mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe. Hapo wa kiwango chako anapatikana upesi. Asubuhi za siku za kazi tunaweza kuwa na watu wanne tu, na pengo la pointi likizidi 200 hatuandiki matokeo. Mwambie wa kaunta akuwekeeni dakika kumi za mwanzo bila kushambuliana, mcheze kwa kujifunza. Saa inalipwa kama kawaida.