Si lazima kompyuta kuipasua 4,294,967,297

Mhariri,

Ukurasa wenu wa hisabati kwa wanafunzi uliuliza wiki iliyopita kama 4,294,967,297 ni namba tasa. Swali zuri. Kilichonikera ni jibu, kwamba namba kubwa kiasi hicho huachiwa kompyuta. Swali hili lilijibiwa mwaka 1732 kwa kalamu na wino, na mtoto wa darasa la saba anayejua kugawanya kwa njia ndefu anaweza kulihakiki kwenye daftari lake.

Namba yenyewe ina ukoo. Anza na 2, izidishe kwa yenyewe upate 4, kisha kila jibu lizidishe kwa lenyewe: 16, 256, 65,536. Ongeza 1 kwa kila moja, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliamini mwaka 1640 kwamba ukoo mzima uko hivyo. Ya sita ndiyo hiyo yenu.

Vipimo vya shuleni havifui dafu hapa. Inaishia na 7, basi 2 na 5 zimetoka. Tarakimu zake jumla ni 59, basi 3 nayo imetoka. Ukijaribu namba tasa mojamoja hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ziko 6,542, na hapo kweli mtu atatamani kompyuta. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyelijibu swali hili mwaka 1732, hakwenda hivyo. Alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki 1. (Kinachochekesha ni kwamba sharti hilo limetoka kwenye kanuni ya Fermat mwenyewe.) Karibu zote zinafagiwa. Za mwanzo zinazosalia ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza zinakataa. Tujaribu ya tano.

4,294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9: 4,489, mara 7, baki 2. Shusha 6, haiingii, andika 0. Shusha 7, bado haiingii, andika 0 nyingine. Wanafunzi wengi huangukia hapa, wakiandika sifuri moja tu. Shusha 2: 2,672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1,089, mara 1, baki 448. Shusha 7: 4,487, mara 7 kamili. Jibu ni 6,700,417, baki hakuna. Basi namba yenu si tasa.

Naomba swali lirudiwe, safari hii sharti la 64 likiandikwa pembeni. Ya saba katika ukoo, 18,446,744,073,709,551,617, wapeni walimu. Kigawo chake kidogo ni 274,177, na Fortuné Landry wa Ufaransa alikipata mwaka 1880, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro