Risala ya Wafanyakazi wa Tawi la Bandarini kwa Mgeni Rasmi Katika Hafla ya Kumuaga Katibu wa Tawi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa chama, wawakilishi wa waajiri, wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tumekusanyika kumuaga Katibu wetu wa tawi, aliyeingia Bandari ya Dar es Salaam akiwa kuli wa kubeba magunia, na ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kuwatetea wenzake.

Mheshimiwa, utetezi katika bandari hii haukuanza jana. Mwezi Septemba 1947 makuli waligoma wakidai nyongeza ya ujira, na mgomo ukasambaa hadi miji ya bara. Chama chao kikavunjwa mwaka 1950 chini ya utawala wa kikoloni, lakini mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Katibu wetu humsimulia hayo kila mwanachama mpya kabla hajasaini TUF 6, fomu ya kumruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara wake, kwani anaamini kijana asiyejua chama kimetokana na jasho la nani hataona uchungu kikifa.

Hata hivyo, kazi yake kubwa haikufanyika majukwaani. Kwa taratibu zilizopo, mfanyakazi anayepinga kuachishwa kazi hupewa siku 30 kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA; akichelewa, hana budi kuomba kwanza kusikilizwa nje ya muda. Ndiyo maana kila aliyebisha hodi ofisini kwake alikutana na swali lilelile: "Barua umeipokea lini?" Mwenzetu mmoja, dereva wa kreni, aliachishwa na kampuni moja ya mizigo bila kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, akabaki nyumbani akisubiri ahadi ya mdomo kwamba angerudishwa. Katibu alimfuata hadi Mbagala muda ukiwa ukingoni, wakajaza fomu kwa tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na kesho yake ikapokelewa. Dereva huyo alirudishwa kazini, na yumo humu ukumbini.

Mheshimiwa, linalotuumiza ni hali ya vibarua wanaochaguliwa getini kila alfajiri, mwaka hadi mwaka, bila mkataba wa maandishi wala michango ya hifadhi ya jamii. Wakiachwa, swali la Katibu halina jibu, kwa sababu barua haikuwahi kuandikwa. Tunakuomba utusaidie maafisa kazi wafike getini kukagua alfajiri hiyohiyo, na si saa nne wakati vibarua wameshatawanywa melini na kwenye maghala. Tunaomba pia waajiri wakumbushwe kuwasilisha makato ya ada ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kama sheria inavyowataka.

Mwisho, tunakuomba umkabidhi Katibu wetu mabati tuliyomchangia ya kuezekea nyumba yake.

Tunaomba kuwasilisha.