Wifi yangu, dona sio chakula cha jela

Wifi mambo? Najua utasoma tu maana post zangu zote unazionaga hata laiki huweki. Naandika hapa kwasababu kwenye kikao cha wazazi hukunipa nafasi, ulivyosimama ukasema watoto shuleni wanalishwa dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa, kama wafungwa watu wakapiga makofi mimi nikanywea zangu.

Hivi sisi tumekulia nini wifi? Kwa bibi sembe nyeupe pee ilikuwa ya wageni. Ukikoboa mahindi unatoa ganda na kiini, yani vitamini, madini ya chuma na nyuzinyuzi nyingi zinaenda na pumba, wanafaidi kuku, halafu sisi tunakimbilia famasi kununua vidonge vya kuongeza damu.

Yule baba aliyeongelea sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, ndo alikuwa na hoja, 2016 watu walikufa kweli Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu na ni kweli kukoboa kunaipunguza. Lakini hapo si ndo tungeibana kamati ya shule, mahindi mnanunua wapi, yamekauka, nani anachambua yaliyooza kabla hayajaenda mashine, stoo ina unyevu au haina? Tukaishia kubishania rangi ya ugali.

Halafu eti elimu bure mchango wa chakula wa nini. Wifi, kilichofutwa 2016 ni ada na michango ya lazima, ila chakula serikali yenyewe imesema wazazi tuchangie, na hata mwongozo wa chakula shuleni wa 2020 umetutaja wazazi na jamii. Wewe unampa mwanao mia tano kila asubuhi ya soda na ule ubuyu unaopaka ulimi rangi siku tatu, siku ishirini za shule hiyo elfu kumi, mchango tulioombwa haufiki hata hapo!

Ila ulipokataa kina mama wanaouza getini wasifukuzwe hapo nilikuwa upande wako, sema sikupata pa kuongelea. Wale nao wana watoto humo humo shuleni. Wakiambiwa walete ndizi, machungwa na mihogo ya kuchemsha watauza tu, mtoto mwenye njaa hachagui sana.

Jumapili njoo na watoto, napika dona na mlenda na dagaa wa Kigoma. Kaka naye mwambie aje, ila soda asibebe.