Barua ya wazi kwa msimamizi wa usafiri jijini: levo siti imewaacha wanafunzi vituoni

Dar es Salaam, Agosti 2021

Mheshimiwa unayesimamia usafiri wa abiria katika jiji letu,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala. Napika chakula cha kuuza kando ya Kariakoo, na daladala ndiyo miguu yangu, asubuhi na jioni. Agizo la levo siti, yaani abiria wote wakae na asisimame mtu ndani ya gari ili kuzuia korona, lilipotoka mwezi uliopita nilijiambia kila jambo jipya lina vurugu zake za mwanzo, tuvumilie, watarekebisha. Nimevumilia mpaka Alhamisi iliyopita.

Jioni hiyo binti yangu wa kidato cha pili alisukumwa na konda kutoka kwenye ngazi ya gari pale Mtongani. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani, begi mgongoni, barakoa usoni, shilingi mia mbili yake, nauli ya mwanafunzi, mkononi. Konda akamwambia, "Denti mmoja ameshapanda, wewe shuka," maana denti ndivyo wanavyomwita mwanafunzi, na kabla hajashuka gari likaondoka. Alianguka kwenye changarawe za kandokando ya barabara. Kiganja kimechunika, kifundo cha mkono kimevimba, sketi imechanika. Wenzake wanasema siti zilikuwepo. Gari halikusimama. Akatembea na wenzake wawili hadi nyumbani, wakafika saa mbili usiku imepita, watoto wa kike watatu kwenye Barabara ya Kilwa gizani. Mimi nilikuwa bado niko mjini, nimekwama kituoni, natafuta gari la njia hiyohiyo.

Mheshimiwa, usinielewe kwamba napinga levo siti. Ugonjwa huu naujua. Mwanzoni mwa mwaka huu mtaani kwetu misiba ilifuatana, na kila tulipouliza marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini tulijibiwa "changamoto ya upumuaji", basi tukanyamaza na kwenda kuzika. Mama mkwe wangu ana pumu na tunaishi naye. Rais alipochanjwa Ikulu tarehe 28 Julai, bibi huyu alikuwa wa kwanza nyumbani kuulizia chanjo inatolewa wapi, na ameshachanja, ile ya Janssen ya sindano moja. Mimi sijafikisha miaka hamsini, kwa hiyo nasubiri zamu ya watu wa rika langu. Barakoa navaa. Watoto wangu wanavaa, za kitenge, zinafuliwa kila usiku na kuanikwa juu ya kamba jikoni. Ninapokuandikia kuhusu msongamano, ninaandika kama mtu anayeogopa kurudi nyumbani na ugonjwa akamkuta bibi wa watu kitandani.

Ndiyo maana naumia. Msongamano mliouondoa ndani ya gari umehamia nje ya gari. Ukisimama kituo cha Rangi Tatu, magari ya kwetu yanapoanzia, saa kumi na mbili asubuhi ukaangalia gari linaloondoka, utaridhika: kila mtu amekaa, hakuna aliyening'inia mlangoni. Lakini hebu geuka uwatazame tulioachwa. Tumebanana bega kwa bega, kila gari likitokea tunalikimbilia wote, watu wanarushia mikoba dirishani kuwekea siti, vijana wanaingia kwa dirisha, mzee anakanyagwa, barakoa zinadondoka zinaokotwa na kuvaliwa tena zikiwa na vumbi. Ile ndoo ya maji tiririka iliyowekwa kituoni mwaka jana bado ipo. Koki imekatika, sabuni sikumbuki mara ya mwisho niliiona lini. Kama kuna mahali watu wa Mbagala wanaambukizana, ni pale kituoni, tukiwa tunatii agizo.

Nakuomba usome kwa makini haya ninayoeleza sasa, kwa sababu nahisi waliokushauri hawapandi daladala.

Madereva na makonda wengi wa jiji hili hawana mshahara, wana hesabu. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kamili, mafuta ni juu yao, faini za barabarani ni juu yao, na kinachobaki ndicho kinachokwenda nyumbani kwao. Levo siti ilipoingia, abiria wa kusimama waliondoka na nauli zao. Hesabu ya tajiri haikupungua hata shilingi. Haya siyatungi, makonda wanakula kwangu mchana na ninasikia wanavyozungumza. Mmoja aliniambia waziwazi, bila aibu na bila ubaya: "Mama, zamani denti alisimama, hakumzibia mtu. Leo akikaa, ile siti imeniletea mia mbili, na mtu mzima angenilipa nauli yote. Nikipakia madenti watano kila safari, jioni nalala na deni." Nilimpa chakula chake nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa natafuta jibu la kumpa na sikulipata.

Hapo ndipo kilipo kisa chote, Mheshimiwa. Siti imekuwa adimu, na kitu adimu kinauzwa kwa anayelipa zaidi. Mwanafunzi analipa kidogo kuliko wote kwa sababu serikali yenyewe ilipanga hivyo, na ilipanga vizuri. Lakini agizo la kila mtu kukaa lilipotolewa, hakuna aliyejiuliza tofauti ya nauli ile atailipa nani. Inalipwa na watoto. Wanailipa kwa saa wanazosimama kituoni.

Wenye uwezo wameshajua namna ya kupita. Anayekaa Kizuiani au Zakhem, vituo vya njiani, anapanda kwanza gari linalokwenda Rangi Tatu, analipa, halafu anageuza nalo kwenda mjini na kulipa tena. Kwa hiyo gari linaingia kituo cha mwanzo likiwa limeshajaa, na sisi tulioamka saa kumi usiku kupanga foleni tunaambiwa hakuna siti. Mtu mzima mwenye hela mbili mbili anaweza hivyo. Mtoto niliyempa mia nne ya kwenda na kurudi atageuza na nini?

Jioni ni mbaya zaidi. Gari ubavuni limeandikwa Mbagala na Kariakoo, na nauli imeandikwa, lakini linafika nusu ya njia konda anagonga bodi, "mwisho wa gari, shukeni". Wanakatisha ruti ili waligeuzie mjini mapema, walipe hesabu kwa safari nyingi fupi. Tunashuka, tunaanza kutafuta gari jingine, tunalipa upya. Wengine wakishampita askari wanafungua mlango na kupakia wa kusimama kama kawaida, na askari mwingine akionekana mbele, konda anaamuru, "Inameni, inameni!" Watu wazima, wengine na wajukuu wao, wanainama katikati ya gari, uso wa huyu kwenye mapaja ya yule, mpaka gari lipite. Nimeona kwa macho yangu konda anagawa barakoa kutoka mfukoni mwake kabla ya kizuizi na kuzikusanya baada ya kizuizi, kisha abiria wapya wakapewa zilezile. Nilishuka kituo kilichofuata, nikatembea.

Na hata hapo, katika kuvunja sheria, mwanafunzi hana nafasi. Konda akiamua kuhatarisha faini kwa abiria wa kusimama, ataihatarisha kwa anayelipa nauli kamili. Kwa denti wa mia mbili haoni sababu ya kusimamishwa na trafiki.

Siku agizo lilipotangazwa uliahidi mambo mawili. Nilikusikia redioni nikiwa nakaanga samaki, na nikaupunguza moto ili nisikie vizuri. Ulisema magari yataongezwa kwenye njia zenye abiria wengi, ukaitaja Mbagala. Na ulisema konda atakayemkataa mwanafunzi atachukuliwa hatua. Magari ya nyongeza tuliyaona siku chache za mwanzo. Baada ya hapo yalikwenda wapi, wewe ndiye unayejua. Nahisi yalikimbia foleni, maana ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi umebana Barabara ya Kilwa na safari moja inakula muda wa safari mbili, au labda wamiliki waliona njia nyingine zinalipa zaidi. Ama hatua dhidi ya makonda, sijaiona hata moja. Askari wapo, na kazi wanafanya, lakini wanachohesabu ni vichwa vilivyosimama ndani ya gari. Watoto walioachwa nje hawako kwenye hesabu hiyo.

Mwaka jana shule zilifungwa tarehe 17 Machi, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, na binti yangu alikuwa na miezi miwili tu sekondari. Akakaa nyumbani mpaka zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni. Hatukulalamika, lilikuwa jambo la uhai. Alirudi ameshasahau hata yale machache aliyoyaanza, hesabu na fizikia zikamshinda, tukatafuta kijana wa mtaani amfundishe jioni kwa hela ndogo. Mwezi Novemba anafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Akifeli anarudia darasa. Sasa jioni ile ya masomo haipo tena, kwa sababu anarudi usiku, amechoka, hajala. Asubuhi anachelewa vipindi vya kwanza, na akifika anapewa adhabu ya kufagia uwanja wakati wenzake wako darasani. Mwalimu ana haki ya kukasirika, yeye anaona mtoto mchelewaji tu.

Nimejaribu kumtafutia bodaboda. Wenye bodaboda wa kijiweni kwetu wanataka fedha ambayo sina, hasa sasa. Wateja wangu wengi walikuwa wabeba mizigo na wachuuzi wa soko kuu la Kariakoo. Tangu soko liungue tarehe 10 Julai wametawanyika, na sufuria ninayoipika siku hizi ni nusu ya ile ya zamani. Kuna wazazi wenzangu wanaochangia bodaboda moja, watoto watatu mshikaki, bila kofia, katikati ya malori ya Barabara ya Kilwa. Siwalaumu. Mimi naogopa tu, na hofu yangu hainipi njia nyingine.

Wapo watakaosema wanafunzi watembee, mbona sisi tulitembea. Tulitembea vijijini, kwenye njia za miguu, tukiwa kundi kubwa na jua bado liko juu. Hakuna aliyetembea Mtongani hadi Mbagala saa moja na nusu usiku akipigiwa miluzi na wapiga debe.

Kwa hiyo ninaomba, Mheshimiwa. Kaa na wenye magari. Makonda mnawakamata kila siku na hamtawamaliza, kwa sababu anayewabana ni tajiri, na tajiri hamjamwita mezani. Kama abiria wamepunguzwa kwa amri, hesabu nayo ipunguzwe, au serikali ione namna ya kufidia siti ya mwanafunzi kwa muda huu wa ugonjwa. Najua utaniambia hilo linahitaji vikao, bajeti, wadau. Sawa. Vikao vikiendelea, kuna jambo ambalo halihitaji senti moja na linaweza kuanza Jumatatu.

Askari mnao vituoni tayari. Wapeni kazi moja ya ziada, asubuhi kuanzia saa kumi na moja na nusu, na jioni kuanzia saa tisa na nusu mpaka mwenye sare ya shule wa mwisho ameondoka kituoni: gari lisiondoke kabla wanafunzi waliopo hawajapewa siti zao. Wekeni idadi, tano, sita, mtakavyoona, iandikwe mlangoni pale inapoandikwa nauli, ili konda asibishane na mtoto. Rangi Tatu, Zakhem, Mtongani na Kariakoo kwanza, maana ndiko ninakokujua. Konda akikataa, faini iende kwa mwenye gari.

Ukishindwa yote mengine niliyoandika, nifanyie hilo moja. Watoto wapande gari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na abiria, Mbagala