Mkono wa Idi kwa Ndugu na Majirani

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya nyumba yetu natoa mkono wa Idi kwa ndugu, jamaa na majirani, walioko Unguja na Pemba na walioko Maskati na Dubai. Namuomba Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, na awape shifaa wagonjwa wetu.

Sikukuu imetukuta katika hali ngumu. Pale Darajani nimewaona wazazi wakiwapima watoto viatu, wakauliza bei, kisha wakavirudisha kimya kimya, na mwenye watoto wanne safari hii ameshona nguo za wawili.

Kwetu hii ni Idi ya kwanza bila ya Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi mlinisifu kwa subira, kwa kuwa sikulia mazikoni wala siku ya hitima. Haikuwa subira, ilikuwa ganzi. Nimefunga, nimesali tarawehe, nimecheka na wageni, na katika yote hayo sikujiona nimo. Nikiulizwa hali najibu alhamdulillahi, lakini anayejibu simjui. Usiku wa kuamkia Idi nilikaa kupima mchele wa fitri kwa kibaba cha bati cha Mama, vibaba vinne, yaani pishi moja, kwa kila kichwa, na nilipomaliza nikaona nimempimia na yeye. Nilibaki na pishi ile mbele yangu, nisijue niirudishe guniani au niitoe. Hatimaye nimemtolea sadaka.

Ndugu zangu, tuwe waangalifu na ndimi zetu. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nani basi amwambie mfiwa kwamba huzuni yake ni uchache wa imani? Na asiyelia naye tusimhukumu kuwa ana moyo mgumu, kwani huenda amezidiwa hata kulia hawezi. Tumwendee, tukae naye, wala tusimtake achangamke kwa sababu tu leo ni sikukuu. Na aliyefika hadi hali wala halali, asione haya kwenda kwa daktari, hata ikiwa ni huko Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, tunakokutaja kwa mzaha (mzaha ambao umewafungia watu wengi majumbani), maana aliyetuamrisha dua hakutukataza dawa.

Taqabbalallahu minna waminkum. Mola aturudishie siku hii tukiwa na afya, salama na riziki za halali, na awalaze pema marehemu wetu wote.

Sikukuu ya pili nitakuwepo nyumbani kuanzia baada ya alasiri. Mwenye kisa chochote cha Mama, hata cha kuchekesha, aje anisimulie.