Wafu Wasio na Bwana

Soweto, Moshi

Mpendwa Mama Glory,

Salamu nyingi kutoka huku Moshi. Sisi ni wazima, na natumaini nanyi huko Arusha hamjambo. Umeniuliza, kwa mshangao ulioonekana hata katika mwandiko wako, inakuwaje mama mtu mzima, tena mwimbaji wa kwaya, akeshe akitazama filamu za mazombi. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwa simu ungenicheka kabla sijamaliza.

Mimi na wewe tumekua tukisikia habari za misukule: mtu anaugua ghafla, anazikwa, matanga yanaanuliwa, kisha inavuma kwamba ameonekana usiku akilimishwa shamba la tajiri fulani na kulishwa pumba. Zombi wa asili, yule wa Haiti, ni ndugu yake kabisa. Hofu yake imetokana na utumwa wa mashamba ya miwa ya Wafaransa, ambao watumwa wenyewe waliupindua hadi nchi ikapata uhuru mwaka 1804, nayo haikuwa hofu ya kuliwa, bali ya kufanyishwa kazi hata baada ya kufa. Katika habari zote mbili yuko bwana nyuma ya maiti, kwa hiyo yuko wa kushukiwa, na kwetu, kama ujuavyo, mara nyingi anayeshukiwa ni bibi kizee asiye na mtetezi.

Mmarekani George Romero alimwondoa bwana huyo mwaka 1968. Katika filamu yake Night of the Living Dead wafu wanainuka bila kutumwa na mtu na kuwala walio hai, na chanzo chake hakithibitishwi. Hakuna mchawi wa kusaka wala mganga wa kumwendea. Inabaki nyumba moja ya shambani na watu saba waliokimbilia humo, na hapo ndipo utamu wote ulipo.

Yasikilize mabishano yao. Ben anapigilia mbao madirishani na kutaka wakae juu, ambako mtu anaweza kutoka mbio mambo yakiharibika. Harry, mwenye mke na binti aliyeng'atwa, anashikilia kwamba usalama uko chini, katika chumba cha ardhini chenye mlango mmoja. Ben ni jasiri na Harry ni mkorofi, basi mtazamaji anamwegemea Ben bila hata kupima hoja. Lakini usiku unapokwisha, wenzake wote wakiwa wamekufa, kinachomwokoa Ben ni chumba kilekile alichokikataa, na asubuhi watu waliokuja kuwasaka wafu wanampiga risasi wakidhani naye ni mmoja wao. Aliyemwigiza, Duane Jones, alikuwa mtu mweusi, na mwaka ulikuwa uleule aliouawa Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi wa Marekani. Sijui mtu angewezaje kulala upesi baada ya hapo.

Filamu nyingi zilizofuata sizitetei. Zimejaa bunduki tupu, kana kwamba kila jikoni kuna ghala la silaha. Kwetu sisi tungekuwa na panga moja na kikao cha mtaa.

Ila nikizima runinga huwa naanza kupanga. Watu wa Moshi tungekimbilia mlimani, hilo halina mjadala. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kuna ndizi, mbuzi wako bandani, maji yanakuja kwa mfongo, ule mfereji wetu wa kutoka juu mlimani, na kule Marangu yapo mahandaki ambayo wazee wa Kichagga walijificha humo na ng'ombe wao wakati wa vita na Wamaasai. Harry angefurahi. Lakini maji ya mfongo yanapita kwa wengi kabla hayajafika kwako, na bila watu wa kushika zamu na kupanda juu kuuzibua, yatakatika. Nani angetoka kwenda kuuzibua? Na akirudi anachechemea, damu mguuni, nani angemfungulia lango, na nani angesimama mbele ya lango kukataa? Hayo ndiyo yanayonikesha, Mama Glory; maiti wenyewe nimeshawazoea.

Filamu hiyo nimeiweka kwenye flashi, na mdogo wako ataileta akija Arusha. Itazame pamoja na Baba Glory, hata taa zikiwa zinawaka, kisha uniandikie kama ungekaa juu au ungeshuka chini. Baba Brayani alisema angeshuka, na hatujaelewana hadi leo.

Wako akupendaye,
Mama Brayani